Ulisema Ipo na Kwenye D

Tatu,

Leo nakuita kwa jina lako. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja pale studio nilikuita Mama Rehema, nawe ukaniita Mama Baraka, na jina la Tatu lilinitoka mdomoni siku za ugomvi tu. Basi ujue mapema kwamba barua hii ni ya ugomvi. Kama ni kulia, nilishakulilia, mtaa mzima hapa Newala ni mashahidi. Siku ya mazishi nililia mpaka dada yako akanishika bega akaniambia nijikaze, maana jikoni walikuwa wanangoja mtu wa kuwaonyesha vyombo vyako viko wapi. Nikajikaza. Wageni wakala, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao. Sasa nina nafasi ya kukwambia la moyoni.

Diski imekufa.

Umeme ulikatika mchana, hilo si geni. Ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi na nguvu sijui imetoka wapi, taa ya dukani ikang'aa nyeupe kisha ikapasuka. Nilipoiwasha kompyuta nikasikia mlio ndani yake, tik, tik, tik, na kioo kikabaki cheusi chenye mstari mmoja wa Kiingereza. Nikaizima, nikaiwasha, ikawa vilevile. Na unajua nini, Tatu? Sikuogopa. Nilivuta kiti chako nikakaa, nikajisemea, picha zipo, Mama Rehema aliziweka na kwenye D.

Maana ndivyo ulivyonijibu kila nilipouliza. Tukirudi na kamera, ukishamwaga kazi kwenye kompyuta, nakuuliza, na nakala je? Unanijibu bila hata kugeuza shingo: "Usiogope, ipo na kwenye D." Siwezi kukusingizia uvivu. Kila harusi, kila mahafali, kila ngoma uliiweka mara mbili, moja kwenye C, moja kwenye D, hata siku tulizorudi tumechoka hoi na vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa unangoja ule mstari wa kijani ujae mpaka mwisho ndipo ufunge duka. Nilikuamini kwa sababu nilikuona ukifanya.

Nilishuka Masasi na basi la asubuhi, mashine nimeipakata, nimeifunika kanga. Fundi akaifungua, akatoa kile kidude, akakiweka sikioni. Nikamwambia asihangaike sana na C, anitolee za D tu. Akaniangalia kwanza. Ni kijana mpole, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kusema.

"Mama, hii diski ni moja," akasema. "C na D ni yenyewe hiyohiyo. Ni nyumba moja imepigwa ukuta katikati."

Nikamwambia aliyetuuzia kule Mtwara alisema ametuwekea C na D. Akasema ndiyo, alizigawa, hakudanganya, ila diski ni hiyo moja. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza, kwa hiyo mtu akiweka kitu kwenye C, halafu akakiweka na kwenye D, amekiweka wapi? Akasema, amekiweka palepale, Mama.

Palepale. Laiti ungekuwa hai siku ile, tungegombana mpaka watu wa duka la vitenge waje kutuamua. Miaka yote ile unangoja mstari wa kijani, unaweka kitu palepale!

Na ni wewe, Tatu. Angekuwa mtu mwingine ningesema hajui shida. Wewe uliyezaliwa huku juu, ambako maji mtu anayasikilizia kwenye bati mvua inaponyesha. Kisima cha uani cha kukingia mvua kikiwa kimejaa mpaka shingoni bado ulikuwa na mapipa nyuma ya jiko, na mapipa yakijaa bado kulikuwa na madumu chumbani, na lile dumu lenye mfuniko mwekundu chini ya kitanda, ambalo Rehema aliambiwa asiliguse hata nyumba ikiwaka moto. Nilikuuliza mwanzoni, nikiwa mgeni kutoka Iringa, mume wangu kahamishiwa shule ya huku, sijui lolote: kwa nini usiyaweke yote kisimani? Ukanicheka. Ukaniambia kisima kikipasuka utakunywa nini, nyufa zake? Maneno yako hayo. Ulijua kabisa. Uliyajua kwenye maji, ukayasahau ulipofika kwenye kompyuta, kwa sababu kioo kilikuonyesha alama mbili pembeni kwa pembeni ukaamini ni vitu viwili.

Nina hasira, tena si na diski peke yake. Lile neno lako "usiogope" ulilitumia na kwenye presha. Nesi alikwambia vidonge ni vya kila siku, kichwa kiume kisiume. Wewe ukawa unameza kikiuma. Nikikukumbusha unasema usiogope Mama Baraka, nipo. Ulianguka umeshika mkasi, unakata picha ndogo za mwanafunzi aliyekuwa anakwenda chuo, na yule binti akadhani umeinama kuokota kitu. Nimelichukia neno hilo. Mtu akiniambia usiogope siku hizi namuuliza, una uhakika gani?

Sasa ngoja nikwambie kwa nini nimewaka hivi, maana utasema harusi za watu zina nakala zao majumbani, tatizo liko wapi.

Nilipotoka kwa fundi siku ile nilipitia Lisekese kumsalimia Rehema. Mama yako alimchukua baada ya arobaini, maana baba yake unamjua, salamu zake zinafika na upepo. Mtoto hajambo. Amehamia shule ya kule, amekua miguu, sketi imekuwa fupi. Alinipa shikamoo, akanipokea mzigo, akaniuliza hiyo ni kompyuta ya mama? Nikasema ndiyo, inaumwa kidogo. Akaanza kuichezea ncha ya kanga. Bibi yake alipotoka kwenda kuteka maji, akasema: "Mama Baraka, nimeanza kusahau sauti ya mama. Sura ninayo. Sauti inanikimbia." Akasema anajua sauti yako imo mle ndani, kwa sababu ulikuwa unaongea kila unapopiga video. Akaomba mashine ikipona nimletee kidogo tu.

Nilimwambia nitamletea. Ningemwambiaje? Mashine ipo hapo miguuni kwangu, imefunikwa kanga, na ndani yake hamna kitu.

Yule fundi aliituma diski Dar es Salaam kwa watu wanaozifungua, jibu likarudi kwamba sahani ya ndani imekwaruzwa, haisomeki. Basi. Wewe mwenyewe ulikuwa upande wa pili wa kamera siku zote, picha zako ninazo chache, za mnato, umekunja uso. Simu yako ilikuwa ya tochi, hukutaka nyingine, ulisema kamera unayo tayari. Ujumbe wa sauti hukuwahi kumtumia mtu yeyote. Ulipiga, ukasema, ukakata.

Na kazi tulizowapa watu unajua zilivyo. Ndio utaratibu wetu, na wa kila studio. Tunatoa sauti yote ya chini, kelele za jenereta, watoto, wewe na amri zako, halafu tunalaza muziki juu mwanzo hadi mwisho. Nilizunguka hapa mjini kwa wateja, nikaomba kuona harusi zao. Wakanikaribisha, wakaniwekea. Muziki. Nyumba ya pili, muziki, tena wimbo uleule, maana ulikuwa unaupenda ukauweka kwa kila bwana harusi. Kila nilipokaa kwenye kochi la watu nilijua nyuma ya ule wimbo upo unafoka, na tulikufuta sisi wenyewe, kwa ustadi mkubwa.

Ndipo nikamkumbuka Bibi Mwanahawa wa Kitangari.

Lazima unamkumbuka, ulinuna kwa ajili yake. Yule aliyetuita kuwapiga video wajukuu zake siku ya kutolewa unyagoni. Tukampelekea kazi safi, wanawali wametoka wamependeza, na ule wimbo wako juu. Alikuja mwenyewe studio, akakaa kwenye benchi la wateja, akatazama mpaka nusu, akauliza: "Hii ngoma ya nani?" Ukamweleza ndivyo inavyofanywa. Akasema yeye alileta wapiga ngoma wake, wamepiga mpaka viganja vikavimba, anataka kuwasikia hao. Hataki kitu juu. Ukambishia, akakaa. Wateja wakaingia, wakatoka, yeye yupo. Mwishoni ukamnakilia video mbichi kwenye flashi, kama ilivyotoka kwenye kamera, ukampa kwa mikono miwili na uso umeukunja. Alipotoka ukasema bibi huyu anarudisha studio nyuma.

Nilichukua bodaboda mpaka Kitangari. Nilimkuta anabangua korosho uani, nikampa shikamoo, marahaba akaivuta ndefu, akaagiza wajukuu waniletee maji ya kunywa. Hakunitambua mpaka niliposema ni yule mwenye mwavuli. Nikamweleza shida yangu. Hakusema pole nyingi. Aliingia ndani akatoka na kopo la mafuta ya kujipaka, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa flashi yetu, na karatasi yake ya studio bado imeganda.

Tukakaa mbele ya televisheni. Watoto wa nyumba wakajaa mkekani, nikaona wanachekeana kama watu wanaojua kinachokuja. Ngoma ikaanza, vumbi, vigelegele. Halafu wewe.

"Mama Baraka, sogeza mwavuli, jua linaingia kwenye lenzi. Si huko. Huku. Mwanamke wewe unaangalia ngoma au unafanya kazi?"

Na kile kicheko chako cha puani. Nilishika ukingo wa kiti. Nikakumbuka nilivyokuwa nimechukia siku ile, mkono umekufa ganzi kwa kushika mwavuli na wewe unanisema mbele za watu. Nikachukia tena vilevile, na moyo ukaniuma kwa furaha, vyote pamoja, sikujua nishike lipi.

Kisha simu yako ikalia, palepale katikati ya ngoma. Nilikuwa nimelisahau hili kabisa. Na kabla hujafungua mdomo, wale watoto mkekani wakasema wote kwa pamoja, kwa sauti yako, na lafudhi yako: "Haloo, Rehema?"

Wanaijua kwa moyo. Kila wakiiweka ngoma ya dada zao wanakungoja wewe na simu yako. Ni mchezo wa nyumba ile. Walisema neno kwa neno pamoja nawe, wanapiga makofi, mpaka Bibi Mwanahawa akaniona uso. Akauliza ndiye huyo aliyefariki? Nikatikisa kichwa kukubali. Akawaambia watoto wanyamaze, mama wa watu anasikiliza. Akarudisha nyuma mwenyewe kwa rimoti, nikakusikia peke yako.

"Haloo, Rehema? Ehee. Uji upo kwenye chupa. Mfuniko nimeukaza, ukishindwa muite jirani akufungulie. Homa imeshuka? Haya. Usiogope, mwanangu. Nakuja."

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nyumba ambayo wewe mwenyewe uliinunia ndiyo iliyokutunza. Bibi hakutaka kuniachia flashi iondoke, na sikumlaumu. Nilikuwa nimekuja na kompyuta ndogo ya mume wangu, nikanakili palepale, naye amenisimamia kama mwenye mali. Nilipomaliza alikifunga kitambaa, akakirudisha kwenye kopo.

Baada ya hapo nilirudi Masasi kununua diski. Sikiliza, hii inakuhusu. Fundi alinifungia mpya ndani ya mashine, na nikamwambia nataka na ya pili. Akasema anaweza kuifunga humohumo, zikae mbili, kila ninachoweka kwenye moja kijinakili kwenye nyingine chenyewe, nisihangaike. Ningekuwa mimi wa zamani ningeshukuru. Nikamuuliza: umeme ukija kama ule wa siku ile? Akajikuna kichwa, akasema zitaondoka zote. Nikamwambia basi nipe ya nje, yenye waya wake, ninayoweza kuichomoa na kuondoka nayo.

Ni ndogo, inajaa kiganjani. Nilipoichomeka pale Newala kompyuta iliuliza niipe jina, nikaandika AKIBA. Ikauliza niisafishe kwanza, nikasoma lile swali zaidi ya mara moja kabla ya kukubali, maana niliogopa nisije nikasafisha isiyo yenyewe. Nikaihakiki siyo ukuta wa nyumba ileile: nikaichomoa waya, alama yake ikatoweka kwenye kioo, nikairudisha, ikatokea. Nikachomoa tena kwa raha zangu. Yako, Tatu, isingechomoka. Ungejaribu kuitoa D hata siku moja ungeuona ukweli.

Cha kwanza kuingia mle ni ile ngoma ya Kitangari. Nikangoja mstari ujae mpaka mwisho, nimekaa kwenye kiti chako, nakulaani kimoyomoyo na kukuombea kwa wakati mmoja.

Kisha nikaipeleka Lisekese. Inakaa kwenye sanduku la bati la mama yako, kati ya kanga zake, mbali na umeme wetu, mbali na bati letu linalovuja, mbali na mwizi atakayevunja studio. Nikishuka Masasi kununua karatasi za picha naichukua, naipandisha Newala, inalala nyumbani kwangu wala si dukani, naijaza kazi mpya, nikishuka tena nairudisha. Mume wangu anasema nasumbuka. Nimemwambia aulize watu wa huku kuhusu maji, atajibiwa.

Siku ya kwanza nilipomwekea Rehema alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayekaguliwa nywele. Ulipofika kwenye uji alishika tumbo. Ulipomaliza kusema nakuja, hakulia. Aliniambia: "Alikuja kweli. Alikuja na muhogo wa kuchoma, umefungwa kwenye gazeti." Bibi yake akatoka nje haraka. Mimi nikabaki, nikamwambia arudie tena kama anataka.

Tatu, sijakusamehe. Nasema wazi ili tusidanganyane. Sijakusamehe D, na vidonge ndiyo kabisa, na siku tukikutana utanieleza vyote viwili ukiwa umekaa, bila kunigeuzia mgongo. Lakini nakuahidi: sauti yako haitampotea tena mtoto huyu, si kwa umeme, si kwa panya, si kwa uzembe wa mtu yeyote, na mimi nikiondoka kama ulivyoondoka wewe, atakuta ipo na anajua ilipo. Lala salama, mwanamke mbishi.

Fundi amenifundisha kwamba nakala usiyoifungua huna uhakika nayo. Kwa hiyo kila nikiirudisha Lisekese naichomeka kwenye televisheni ya mama yako, tunafungua faili moja tuone kama linacheza. Kazi ya kuchagua nimempa Rehema. Kuna maharusi mle, kuna mahafali, kuna kipaimara cha mwanangu Baraka. Hajawahi kuchagua jingine. Na kila mara, ukifika palepale, unasema usiogope, nami nawaka upya kama vile umenijibu mimi. Halafu namwangalia mtoto. Haogopi.

Ni mimi,
Mama Baraka